Daftari Moja, Mashimo Tisa

Mwisho wa mwezi Macalder, mji wa machimbo ya dhahabu huku Kenya, mashine za kusaga mawe hazinyamazi. Boda boda zinaingia na magunia kutoka mashimoni, na nyuma ya duka fulani, katibu wa kikundi cha wachimbaji ameinamia kompyuta akitafuta mstari mmoja kati ya mamia. Nimekikalia kiti hicho. Makala haya nayaandika kwa ajili ya anayekikalia leo, awe katibu wa wachimbaji hapa Nyatike, mweka hazina wa wavuvi kule Sori au Karungu, au karani wa ushirika wowote ambao kazi ya watu wengi huandikwa kwenye jedwali moja, kisha siku ya malipo kila mtu anataka kuona sehemu yake peke yake.

Macalder ilijulikana kwa mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ambao ulifungwa mwaka 1966. Tangu hapo dhahabu ya huku imetafutwa na wachimbaji wadogo, kwa sururu, kamba na karai. Gramu moja hupita mikononi mwa wengi kabla haijafika kwenye mizani ya mnunuzi: aliyeshuka shimoni, aliyevuta gunia, aliyeponda mawe, mwenye mashine ya kusaga, aliyeosha, na mwenye shamba ambaye naye ana fungu lake. Wote wanalipwa kwa kutazama kilichoandikwa. Tena Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati yao katika kaunti, kwa hiyo kikundi kinachotaka kusimama kisheria hakiwezi kuendelea kutunza hesabu kichwani mwa mwenyekiti. Mstari ukipotea kwenye jedwali, kuna mtu atarudi nyumbani bila unga.

Mimi niliupoteza. Kikundi chetu kilikuwa na mashimo tisa, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nafanya kama wengi wanavyofanya: nachuja shimo la kwanza, nanakili, nafungua shiti mpya, nabandika, naipa jina, narudi kwenye jedwali, nachuja la pili. Usiku mmoja stima ilipotea nikiwa kwenye shimo la sita. Niliendelea kwa haraka kabla betri haijaisha, na sikukumbuka kwamba nilikuwa nimechuja pia tarehe ili nitafute jambo jingine. Shimo la saba likatoka bila wiki ya kwanza. Jedwali lilionekana safi, jumla ilikuwepo chini, kila kitu kilinyooka.

Baada ya siku mbili akaja mama mmoja anayeosha mchanga wa shimo hilo. Alikuwa na daftari la shule lenye vistari vya penseli, kistari kimoja kwa kila gunia. Akaliweka mbele yangu na kuniuliza taratibu, "Mwanangu, wiki ya kwanza mimi nilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Magunia yake manne hayakuwemo, na fedha zilikuwa zimeshagawanywa. Kikundi kilimlipa kutoka kwenye akiba. Hakuna aliyenifokea, lakini nilijua kwamba penseli yake ilikuwa imeishinda kompyuta yangu, na iliishinda kwa sababu mkono wangu ulikuwa unarudia kazi ambayo mkono wa binadamu haufai kuirudia mara tisa usiku.

Kazi hiyo ni ya makro. Makro ni maagizo unayoyaandika mara moja ndani ya Excel, kisha kompyuta inayafuata kila unapoyaita, kwa mpangilio uleule, bila kuchoka. Inasoma daftari mstari kwa mstari, inatazama mstari huo ni wa shimo gani, na kuupeleka kwenye shiti ya shimo hilo. Kama shiti haipo, inaifungua. Kazi iliyokuwa inanila usiku mzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Lakini usikimbilie makro kabla hujalitengeneza daftari lenyewe. Makro haina busara, na ukiipa uchafu itakugawia uchafu kwa usawa.

Daftari kuu liwe moja, kwenye shiti moja. Mstari mmoja uwe tukio moja: siku fulani, shimo fulani, mwanachama fulani, magunia mangapi, gramu ngapi, bei ya siku hiyo, makato ya pampu, mafuta au kusaga. Vichwa vya safu vikae mstari wa kwanza tu. Usiunganishe seli ili kichwa kipendeze, usiruke mstari mtupu kati ya wiki na wiki, na usiandike "Jumla" chini ya daftari, kwa sababu makro itaichukua hesabu hiyo kama gunia jingine. Bei nayo iandikwe kwenye kila mstari. Bei ya dhahabu hubadilika, na kama fomula zako zote zinaitegemea seli moja iliyo pembeni ya daftari, zikihamia kwenye shiti mpya zitaitafuta seli hiyo mahali ambapo haipo.

Sasa majina. Hapa ndipo madaftari mengi ya huku kwetu yanapovunjika. Kwa Waluo mtoto hupewa jina kwa wakati na hali aliyozaliwa nayo: Otieno ni wa usiku, Ochieng wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Okoth alikuja na mvua, Opiyo na Odongo ni pacha. Ni majina yanayobeba habari ya mtu, nami nayapenda. Lakini kikundi cha watu arobaini kinaweza kuwa na akina Otieno watano, na ukiligawa daftari kwa jina, wote watano watajikuta kwenye shiti moja, gramu zao zikiwa zimechanganyika. Upande wa pili, mtu mmoja huandikwa kwa sura tatu. Jumatatu ni "Akoth", Alhamisi ni "Akoth M.", na siku karani mwingine alipokushikia zamu ni "Akoth" lenye nafasi tupu mwishoni. Jicho lako halitaiona nafasi hiyo hata ukikodoa. Kompyuta inaiona, na kwake hao ni watu watatu.

Kwa hiyo kila mwanachama apewe nambari na kila shimo lipewe alama, na daftari ligawanywe kwa hizo. M017 ni M017 hata akiolewa, hata jina lake kwenye M-Pesa likiandikwa tofauti na la kitambulisho. Shimo nalo huku mara nyingi huitwa kwa jina la mwenyewe, au kwa mti ulio karibu, au kwa maneno marefu. Liite S04, kisha weka shiti pembeni inayoeleza S04 ni lipi. Kuna sababu nyingine ya alama fupi: jina la shiti katika Excel haliruhusiwi kupita herufi 31, wala kuwa na mkwaju, nuktapacha, nyota, alama ya kuuliza au mabano ya mraba. Sisi tulikuwa na shimo tunaloliita 3/B. Makro yangu ya kwanza ilisimama hapo hapo na kunitolea kosa nambari 1004, nami nikahangaika siku nzima kabla sijajua kwamba tatizo lilikuwa ni mkwaju ule mmoja.

Tarehe pia izoee sura moja. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambako 3/4 ni tarehe nne Machi. Badilisha mpangilio wa nchi kwenye kompyuta, au andika mwezi kwa herufi, upumzike.

Daftari likishakuwa hivyo, lihifadhi, kisha tengeneza nakala yake ya kufanyia kazi. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu makro ikishapita, kubonyeza Ctrl na Z hakurudishi kitu. Fungua nakala, bonyeza Alt na F11, na utaona dirisha jingine. Kwenye menyu ya Insert chagua Module, kisha andika maagizo haya. Yanachukulia kwamba shiti ya daftari inaitwa Daftari, tarehe iko safu ya kwanza na alama ya shimo iko safu ya pili.

Sub GawaDaftari()
Dim kuu As Worksheet, shiti As Worksheet
Dim mwisho As Long, i As Long, jina As String
Set kuu = ThisWorkbook.Worksheets("Daftari")
If kuu.FilterMode Then kuu.ShowAllData
mwisho = kuu.Cells(kuu.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
For i = 2 To mwisho
  jina = UCase(Trim(kuu.Cells(i, 2).Value))
  If jina = "" Then jina = "BILA SHIMO"
  Set shiti = Nothing
  On Error Resume Next
  Set shiti = ThisWorkbook.Worksheets(jina)
  On Error GoTo 0
  If shiti Is Nothing Then
    Set shiti = ThisWorkbook.Worksheets.Add(After:=kuu)
    shiti.Name = jina
    kuu.Rows(1).Copy shiti.Range("A1")
  End If
  kuu.Rows(i).Copy shiti.Cells(shiti.Rows.Count, 1).End(xlUp).Offset(1, 0)
Next i
End Sub

Usiogope Kiingereza chake. Maneno kama kuu, shiti, mwisho na jina nimeyachagua mimi, na wewe unaweza kuyaita utakavyo. Mstari wenye ShowAllData ndio ulioandikwa kwa ajili ya yule mama: unaondoa chujio lolote lililosahaulika kabla kazi haijaanza. Unaofuata unatafuta mstari wa mwisho wenye tarehe. Kisha kompyuta inatembea kuanzia mstari wa pili hadi huo wa mwisho. Trim inakata nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa alama, UCase inaifanya "s04" na "S04" kuwa kitu kimoja. Ile mistari mitatu ya katikati, kuanzia On Error Resume Next, inauliza kama shiti ya shimo hili imeshafunguliwa. Kama haijafunguliwa, inafunguliwa, inapewa jina, na vichwa vya safu vinanakiliwa juu yake. Mwisho mstari wenyewe unapelekwa chini ya wenzake.

Ile "BILA SHIMO" niliiweka makusudi. Kila mwezi kuna mistari ambayo mtu alisahau kuandika shimo. Kwa njia ya zamani ya kuchuja, mistari hiyo haingii popote na haimlilii mtu. Hapa inakusanyika kwenye shiti yake, na hiyo ndiyo shiti ya kuifungua kwanza kabla ya nyingine zote.

Ukimaliza kuandika, rudi kwenye jedwali, bonyeza Alt na F8, chagua GawaDaftari, kisha Run. Faili lihifadhiwe kwa aina inayobeba makro, ambayo jina lake huishia na .xlsm. Ukilihifadhi kama .xlsx la kawaida, maagizo yako yataachwa nje.

Kuna mambo mawili yatakayokupata kama yalivyonipata mimi. La kwanza, tarehe. Makro hii inatumia safu ya kwanza kujua pa kuweka mstari unaofuata. Mstari usio na tarehe utafunikwa na mwenzake atakayekuja baada yake kwenye shiti hiyo, na kama ni wa mwisho kwenye daftari hautasomwa kabisa. Hakikisha safu ya tarehe haina pengo hata moja. La pili ni kuendesha makro mara mbili. Shiti zikiwa zimeshakuwepo, haizifungui upya, inaongeza mistari ileile chini yake, na ghafla kila mtu amechimba mara mbili. Siku ya malipo jambo hilo linaweza kuwafurahisha watu kwa dakika kumi na kuwagombanisha kwa mwaka. Kabla ya kuendesha tena, futa shiti zote za mashimo, ubaki na Daftari, au anza na nakala mpya.

Halafu hesabu. Sitoi karatasi hata moja mpaka namba tatu zimelingana: idadi ya mistari, jumla ya magunia na jumla ya gramu. Nazichukua kwenye Daftari, nazichukua kwenye kila shiti, najumlisha za shiti zote, nalinganisha. Ni kazi ya dakika chache. Mwaka 2020 Uingereza, nchi yenye wataalamu wa kila aina, ilikosa kuripoti kwa wakati watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na korona, kwa sababu matokeo yao yalipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo hayabebi zaidi ya mistari 65,536 kwenye shiti moja. Iliyozidi ilikatika kimya kimya. Kama mtu angelinganisha mistari iliyoingia na iliyotoka, pengo lingeonekana mapema. Excel ya tangu 2007 inabeba mistari 1,048,576, kwa hiyo kikundi chako hakitaijaza, lakini kukatika kimya kimya kuna njia nyingi, na chujio langu lilikuwa moja.

Pengine huna haja ya makro kabisa. Makro za Excel haziendi kwenye simu, na makatibu wengi wa huku wanafanya kazi yote kwenye simu. Kama unatumia jedwali la Google, au Excel ya 2021 na kuendelea, fungua shiti ya shimo na uandike fomula moja kwenye seli A2:

=FILTER(Daftari!A2:H2000, Daftari!B2:B2000="S04")

Mistari ya S04 itajileta yenyewe, na kila unapoongeza kitu kwenye Daftari, mpaka mstari wa 2000, nayo inaongezeka. Kwa mashimo tisa yasiyobadilika, njia hii inatosha. Inachosha pale mashimo yanapofunguliwa na kufungwa kila mara, kwa sababu kila jipya linahitaji shiti yake kwa mkono, na hapo makro inashinda. Wanaotumia jedwali egemeo wana njia yao pia: ukiweka shimo kwenye sehemu ya chujio la ripoti, amri ya Show Report Filter Pages inafungua shiti kwa kila shimo kwa mara moja. Na ukiwa na LibreOffice, ambayo ni ya bure, weka mstari wa Option VBASupport 1 juu kabisa ya maagizo haya uyajaribu kwanza kwenye nakala.

Jihadhari na makro ya mtu usiyemjua. Faili la .xlsm linaloingia kwa WhatsApp na ujumbe wa kukuharakisha lina uwezo uleule nilioueleza hapo juu wa kusoma na kunakili, na pia wa kufuta, na linautumia kwa manufaa ya aliyelituma. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kwa makro iliyofichwa ndani ya faili la Word. Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzizuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti, na ukiona onyo hilo kwenye faili ambalo hukuliandika wewe, liache lizuiwe. Maagizo mafupi unayoweza kuyasoma mwenyewe ni bora kuliko marefu uliyopewa ukaambiwa uyaamini.

Na kuna jambo la heshima. Zamani nilikuwa nabandika jedwali zima ukutani, kila mtu aone. Nilidhani huo ndio uwazi. Kumbe nilikuwa naonyesha nambari za simu na za vitambulisho, na pia ni nani aliyepata gramu nyingi wiki ile, katika mji ambao njia ya kwenda nyumbani usiku ni ndefu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tutunze habari za watu kwa uangalifu, na hata bila sheria, mwanachama anastahili hivyo. Kugawa daftari kunakuwezesha kumpa kila mtu kilicho chake. Simu na vitambulisho vikae kwenye faili jingine, vikiunganishwa kwa nambari ya mwanachama tu. Ukutani bandika jumla za kikundi.

Shiti zilizozaliwa na makro usizifanyie marekebisho, hata kosa liwe dogo kiasi gani. Nimeona katibu akisahihisha gunia moja kwenye shiti ya shimo na kuliacha Daftari lilivyo. Mwezi uliofuata kosa lilirudi, na safari hii hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa limeshatatuliwa. Shiti ni za kusomwa na kuchapishwa, baadaye zinafutwa. Kinachohifadhiwa, kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, ni Daftari.

Mama wa shimo la saba bado anakuja na daftari lake la shule. Tunaanza na lake, kistari kwa kistari, ndipo tunafungua langu. Tukitofautiana, na ikiwa ni mimi niliyekosea, siandiki chochote kwa kalamu juu ya karatasi yake. Narudi kwenye Daftari, narekebisha mstari ule yeye akitazama, nafuta shiti zote tisa, nabonyeza Alt na F8, nalinganisha namba tatu, na printa inamtolea karatasi mpya kabla hajanyanyuka kitini.